Wastani wa uhalifu unadanganya

Wasomaji wangu, tuchukue mfano wa kubuni. Tunawauliza vijana 10 wa Karatina wameiba mara ngapi mwaka huu. Tisa wanajibu sufuri, mmoja 20. Kompyuta inatoa wastani: 2. Chifu akiisoma hiyo, atawasaka vijana wote, na tisa hawana hatia!

Mambo haya yapo kweli. Kule Philadelphia, Marekani, Wolfgang na wenzake (1972) walifuatilia rekodi za polisi za wavulana 9,945. Asilimia 6 tu walihusika na zaidi ya nusu ya makosa.

Kwa hivyo nasema: kwanza hesabu wangapi wana sufuri. Kisha, kwa waliobaki peke yao, hesabu ni mara ngapi. Usiwachanganye, iwe Nyeri au Nanyuki.