Kabla ya kuchonga mbao za omweso, tuwasikilize wanaoucheza



Siku hizi kila mtu anataka kuleta michezo kwenye vituo vya vijana. Ludo imekuja, chesi imekuja, sasa kuna wanaosema tulete omweso. Mimi naunga mkono kabisa. Ila kabla fundi hajaanza kuchonga, tukusanye kwanza maoni ya wachezaji. Siyo yale ya "mchezo ni mzuri, asante". Maoni yenye sababu.

Na wakosoaji tunao. Nikitumwa Kikuubo kununua vitu vya kikundi, saa wateja wamepungua, nasimama pale watu wanapocheza katikati ya katoni za sabuni na wabeba mizigo. Mashimo 32, mbegu 64, kila mtu na safu zake mbili. Unasambaza moja moja, ukiishia kwenye shimo lenye mbegu unaendelea. Ukitua safu yako ya ndani, shimo likiwa na mbegu, na mashimo yote mawili ya mwenzako yanayolikabili yana mbegu pia, unakula. Asiyebaki na shimo la mbegu mbili au zaidi amekwisha. Wale waliosimama pembeni hawanyamazi: huyu amefungua nyuma mapema, yule amekula kidogo akaacha kikubwa. Huo ndo uhakiki. Shida ni kwamba watu wakirudi dukani, maneno yote yanapotea.

Angalieni Katwe, siyo mbali na hapo. Dunia inajua chesi ya Katwe na Phiona Mutesi kwa sababu kuna walioandika: kitabu cha Tim Crothers mwaka 2012, filamu mwaka 2016. Kazakhstan, Kirgizistani na Uturuki nazo zilipeleka UNESCO michezo yao ya kusambaza mbegu, ndugu wa omweso, ikaingia kwenye orodha ya urithi mwaka 2020. Michezo yao haina akili kuliko yetu. Wao waliandika.

Kwetu wakimbizi kuna sababu nyingine. Mnyarwanda ana igisoro, mtu wa pwani ana bao, Muganda ana omweso. Zote mashimo 32 na mbegu 64, lakini sheria siyo moja. Kwenye bao unaanza na kete 22 mkononi, unaziingiza moja moja. Kwenye omweso zote ziko mezani tangu mwanzo. Sasa tukiandika sheria za mzee mmoja tukazibandika ukutani, mtoto aliyefundishwa na babu yake kwa njia nyingine ataambiwa anakosea. Amepoteza nyumba, na mchezo wa kwao tunamnyang'anya?

Najua mtu wa ofisi atasema ripoti inataka idadi ya waliohudhuria. Sawa, andikeni idadi. Lakini vijana 40 kwenye karatasi hawakuambii nani alicheza mara moja akaacha, na kwa nini. Mimi nataka kumsikia huyo kuliko bingwa. Pia wasichana. Kwenye mbao nyingi ninazoziona wanakaa wanaume tu. Tukiwauliza wanaume peke yao, watatuambia hakuna tatizo.

Kwa hiyo tuanze na maswali manne: Ulifundishwa na nani, wapi? Sheria gani mnagombana juu yake? Ni nini kinachokuchosha kwenye mchezo huu? Nani hajawahi kukaribishwa kucheza? Rekodi sauti kwa simu, kwa lugha anayotaka mwenyewe, baada ya kuomba ruhusa. Asiyetaka jina lake litajwe, usilitaje. Maoni mawili yakipingana, tunza yote mawili.

Kila mmoja wetu alete watu watatu: mzee mmoja, msichana mmoja, na mtu mmoja asiyeupenda mchezo. Tukishawasikia hao, fundi achonge.