Turbo umefunga, breki je?

NDUGU msomaji, wewe kijana unayeshinda kijiweni hapa Tunduma ukihesabu malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, leo sikuletei siasa. Nakuletea habari ya gari. Ila ukifika mwisho utaiona siasa imo, maana hapa kwetu hakuna jambo lisilowagusa wakubwa.

Rafiki yangu mmoja, jina lake nalihifadhi, alikuwa na Toyota Mark II GX100. Kwa asili hilo ni gari la mzee mstaafu: injini ya 1G, nguvu za farasi kama 140, linakupeleka Mbeya na kukurudisha bila kelele. Jamaa akaona haitoshi. Akachukua fedha za kahawa ya mama yake kule Mbozi, akaongeza akiba aliyoipata kwa kubadilisha kwacha mpakani, akanunua injini ya 1JZ yenye turbo. Injini hiyo ilitoka kiwandani Japani ikiwa na farasi 280. Fundi akaing'oa ya zamani, akafunga mpya, akachonga eksozi, akakata springi gari likalala chini. Likinguruma, mtaa mzima unajua nani kapita.

Jumapili moja tukakusanyika vijana kama 40 kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji. Hapakuwa na mwandaaji, wala gari la wagonjwa, wala mtungi wa kuzimia moto. Palikuwa na muziki, mishikaki, na mtu mmoja wa kushusha bendera, nayo bendera yenyewe ilikuwa shati. Mimi nilishika simu kupima muda. Mzunguko wa kwanza safi, wa pili safi zaidi, nami nikampigia kelele aongeze. Wa tatu, kwenye kona, akakanyaga breki na pedali ikazama hadi chini kama amekanyaga uji. Gari likapanda tuta, likabiringika mara mbili, likasimama hatua tano kutoka tulipokuwa tumejipanga.

Hakufa. Mguu ulivunjika sehemu mbili, tukambeba kwenye Noah tuliyoikunja viti. Leo anatembea na gongo, na gari limeuzwa chuma chakavu kwa kilo. Mama yake hajaniuliza chochote hadi leo. Ananitazama tu, nami najua alisikia ni nani aliyepiga kelele.

Nimesikia watu wanamlaumu fundi. Fundi alifanya alichoagizwa. Aliagizwa turbo, akaagizwa eksozi, akaagizwa springi. Nani alimwagiza breki? Hakuna. Farasi waliongezeka wakawa mara mbili, breki zikabaki zile zile za mzee mstaafu.

Mimi niliishia kidato cha nne, lakini hesabu hii naijua. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Kwenye lami kavu, gari lenye matairi mazuri likiwa kilometa 60 kwa saa linahitaji kama meta 20 kusimama tangu breki ziliposhika. Likiwa kwenye 120 si meta 40, ni kama 80. Hapo sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwa mwendo huo peke yake inakula meta 33. Na sisi tulikuwa kwenye vumbi, siyo lami!

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Joto likizidi, pedi zinapoteza kushika na mafuta ya breki yanachemka, hasa ya zamani yaliyokwisha kunyonya unyevu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukiubana unabonyea tu, hausukumi kitu. Ndipo pedali inapozama. Muulize dereva wa lori anayeshuka mlima Senjele kwa nini anashuka na gia ndogo. Analijua somo hili kuliko sisi wenye turbo.

Tazama pia ubavuni mwa hilo tairi lako la mtumba. Kuna tarakimu nne za tarehe. Ukikuta 2315, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Kung'aa siyo ujana.

Utaniambia mwandishi mwoga, mbio zina wenyewe. Sawa, tuwatazame wenyewe. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Alishinda na nini? Peugeot 404, gari la familia! Mashindano hayo hayakuwa lelemama: mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Gari liliandaliwa, njia ikasomwa, dereva akajua lini apunguze. Nguvu peke yake haikumfikisha mtu.

Na usidhani fedha ndiyo dawa. Mei 3, 2025, Rajiv Ruparelia wa Uganda, mtoto wa tajiri mkubwa na yeye mwenyewe dereva wa mbio, alifariki Busabala, karibu na Kampala. Nissan GT-R yake iligonga vizuizi vya zege ikashika moto. Sina la kumhukumu marehemu. Nasema tu kwamba zege halimuulizi mtu baba yake ni nani.

Sasa siasa niliyokuahidi. Kila siku magari ya IT yanaingia mjini hapa yakitoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900, vijana wenzetu wakishindana nani afike kwanza, kwenye barabara ile ile ya malori, watoto wa shule na mama zetu wauza mahindi ya kuchoma. Mpaka huu unaingiza fedha. Songwe ni mkoa tangu 2016. Je, ni halmashauri gani imetenga hata ekari chache vijana wakakimbize magari mbali na watu? Kila uchaguzi tunaahidiwa viwanja vya mpira. Kiwanja cha magari hakijatajwa hata kwa kuteleza ulimi.

Tusiombe lami. Tuombe uwanja wa vumbi wenye kuta za matairi chakavu, watazamaji wakae nyuma ya tuta upande wa ndani wa kona, gari la wagonjwa liwepo, na AAT, chama kinachosimamia mbio hizi nchini, watume mtu akague kila gari kabla bendera haijashuka: breki, mikanda, kofia ngumu, fremu ya mabomba ndani. Asiyepita ukaguzi arudi akale mishikaki.

Hadi siku hiyo, ukiwa na shilingi ya turbo, tanguliza shilingi ya breki. Kama hazitoshi zote mbili, basi ya turbo isubiri.

Pale Ndolezi, Mbozi, lipo lile jiwe la kimondo. Lilikuja kwa kasi ambayo gari lako halitaifikia kamwe, wala halikuwa na breki. Watu wanakwenda kulitazama lililolala pale pale lilipoangukia. Wewe ukilala ulipoangukia, hakuna atakayelipa kiingilio.