Bei ya Mafuta Twaijua, Saa za Giza Je? Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa EPRA

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Rongo, mahali ambapo barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori na Isebania huachana na ile iteremkayo Homa Bay, nikikuomba uisome arzi hii kwa insafu.

Swali linaloulizwa siku hizi, iwapo pikapu na magari makubwa ya umeme yamekwisha kumfaa dereva wa kawaida, aghalabu hujibiwa kwa habari za Marekani, ambako Ford ilianza kuuza F-150 Lightning mwaka 2022, ikadhihirika kwamba gari hilo, pamoja na nguvu zake za kustaajabisha, likifungwa trela zito huweza kupoteza takriban nusu ya masafa yake. Jambo hilo lingemhusu mkulima wa miwa wa Awendo, walakini usukani wa gari lile uko kushoto, nayo sheria yetu hairuhusu. Basi tuliache huko huko liliko.

Dereva wa hapa ni mwingine. Ana Probox iliyokwisha kutumika Japani, hungoja stejini mpaka buti nalo lijae watu, na akishazishika nauli za kwanza hupitia petroli stesheni kutia mafuta ya mia tano, kisha jioni ya mia tatu. Tangi lake halijapata kujaa tangu alinunue gari. Mtu huyu, hata ukimthibitishia kwa hesabu isiyo shaka kwamba umeme ni rahisi kuliko petroli, bado betri humtaka anunue kwa siku moja mafuta ya miaka kadhaa ijayo. Ndiyo maana naona BasiGo, kampuni ya mabasi ya umeme ya Nairobi, iliyowatoza wenye matatu kwa kila kilomita badala ya kuwauzia betri, ilifahamu mambo kuliko wauzaji wa magari ya kifahari, na kwamba bodaboda wa kubadilishana betri watatutangulia sote.

Haki isemwe: mwaka 2023 EPRA, Mamlaka yako ya kudhibiti nishati na petroli, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti, na 8 tu saa ambazo mahitaji ni haba, kabla ya kodi na tozo. Ni amri ya busara, maadamu mvuke wa Olkaria haulali watu walalapo, na sehemu yake huachiwa ipotelee hewani. Gari dogo lenye betri ya uniti 40 lingejazwa kwa shilingi 320 kabla ya kodi na tozo hizo, ambazo petroli yake haifiki lita mbili. Ila soketi ya nyumbani hutoa takriban kilowati 3, hivyo betri hiyo yahitaji zaidi ya saa 13, na ile ya pikapu, yenye uniti 100 au zaidi, itakesha usiku, ishinde mchana, ikeshe tena. Na hayo ni iwapo stima haikupotea. Nasi twajua ilivyo radi za alasiri zinapoanza upande wa ziwa: taa hufifia, friji huguna, mwenye duka hukimbilia kuchomoa vyombo vyake kabla ya kuwahudumia wateja, na tangu hapo hakuna ajuaye kama kutakucha na umeme au bila. Kwa ufupi, magari yamekaribia kuwa tayari kuliko waya.

Kila tarehe 14 ya mwezi Mamlaka yako hututangazia bei za mafuta, mji kwa mji, hadi senti. Naomba tangazo hilo hilo liongezwe safu moja tu: saa ambazo kila mji ulikosa umeme mwezi uliopita. Mwenye mtaji atakaye kujenga kituo cha kuchajia hapa njia panda, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi, atajua anachokiingilia, na mnunuzi wa gari kadhalika. Tena ielezwe kwa Kiswahili wazi jinsi mwenye mita moja ya tokeni awezavyo kuifikia ile bei ya shilingi 8, kwa kuwa hapa stejini kila nimuulizaye hajapata kuisikia.

Tarakimu za Rongo zikiwa za kuaibisha, zichapishwe vivyo hivyo.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Rongo