Mjomba, Jina la Chuo Halisimamii Tasnifu

Kwenye familia zetu, hasa zile zenye kijana anayejiandaa kwenda kusoma Marekani, kuna imani kwamba chuo ni jina. Kama jina hilo mjomba hajawahi kulisikia kwenye sinema, kama halimo katika yale manne au matano ambayo hata muuza chipsi anayajua, basi kijana amekosa. Na chuo kikiwa cha jimbo, tena kiko nje ya jiji, kwenye viunga vyenye majani yaliyokatwa vizuri na nyumba zinazofanana, ndiyo kabisa. Kinaitwa "chuo cha kata," watu wanacheka, kisha wanaanza kupanga kuomba upya mwakani.

Kwa shahada ya kwanza naweza kuvumilia mazungumzo hayo. Mtoto wa miaka kumi na tisa anahitaji mji, marafiki, maktaba kubwa, na pengine jina litakalomfungulia mlango wa kazi ya kwanza. Lakini watu wanaibeba imani hiyo hiyo mpaka kwenye uzamili na uzamivu, na huko inawaumiza.

Uzamivu hausomwi kwa chuo. Unasomwa kwa mtu. Mwanafunzi akishamaliza kozi za miaka miwili ya mwanzo na kufaulu mtihani wa kuruhusiwa kuendelea, dunia yake inabaki ndogo sana: msimamizi mmoja, kamati ya wanazuoni wanne watano, wenzake wa maabara, na mezani rasimu ya sura ya pili iliyorudishwa ikiwa nyekundu tupu. Jina lililochongwa getini halisomi sura hiyo. Anayeisoma ni msimamizi, au haisomi, na hapo ndipo miaka mitano inapogeuka kuwa minane.

Wasimamizi wazuri, basi, wako wapi? Wengi wako kwenye viunga. Baada ya vita kuu ya pili, majimbo ya Marekani yalikuwa na vijana wengi wa kusomesha, na ardhi ya mjini ilikuwa ghali. Yakajenga vyuo kwenye mashamba. Stony Brook, chuo cha Jimbo la New York, kilianza mwaka 1957 kule Oyster Bay, kikahamia kilipo sasa mwaka 1962, kwenye ardhi iliyotolewa na tajiri wa eneo hilo, Ward Melville. Kutoka Penn Station, katikati ya jiji la New York, ni kama saa mbili kwa treni. Hakuna mtalii anayepanda treni hiyo kwenda kupiga picha mbele ya geti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwalimu wa kemia chuoni hapo, Paul Lauterbur, alikuwa akiitumia mashine ya idara usiku, kisha anairudisha ilivyokuwa ili wenzake waikute sawa asubuhi. Alitaka kupata picha ya ndani ya kitu bila kukipasua. Akapiga picha ya mirija miwili ya maji. Akapiga na ya kombe mdogo, upana wake milimita 4, ambaye binti yake alimwokota ufukweni. Jarida la Nature liliikataa makala yake kwanza, likaja kuichapisha mwaka 1973. Chuo chenyewe hakikuona haja ya kuikatia hataza, uamuzi ambao sitajaribu kuutetea. Mwaka 2003 Lauterbur na Mwingereza Peter Mansfield wakapewa Nobel ya tiba. Leo mgonjwa akiandikiwa MRI pale Muhimbili, anaingizwa kwenye kitu ambacho picha zake za kwanza zilipigwa kwenye chuo cha kata.

Upande wa pili wa nchi kuna Irvine, kampasi ya Chuo Kikuu cha California iliyofunguliwa mwaka 1965 kwenye eka 1,000 za ranchi, zilizouzwa kwa jimbo kwa dola 1. Mazingira yake hadi leo ni viunga vitupu: barabara pana, maduka yenye maegesho makubwa kuliko duka lenyewe. Mwaka 1973 alifika hapo kijana kutoka Mexico, Mario Molina, ambaye uzamivu wake ulikuwa bado wa moto, akaenda kufanya kazi chini ya Sherwood Rowland. Mwaka uliofuata walichapisha hoja kwamba gesi za kwenye majokofu na makopo ya marashi zinaila tabaka la ozoni. Viwanda viliwashambulia. Mwaka 1987 dunia ikatia saini Mkataba wa Montreal wa kuzidhibiti gesi hizo, na mwaka 1995 wakapewa Nobel ya kemia pamoja na Paul Crutzen. Mwaka huo huo Nobel ya fizikia nayo ilifika Irvine, kwa Frederick Reines. Chuo kilikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Mpenzi wa fasihi ataniambia hizo ni habari za maabara. Sawa. Mwaka 2002 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewahi kufundisha Yale na ambaye wakati huo alikuwa New York University, katikati kabisa ya Manhattan, alifungasha akahamia Irvine. Mwanafalsafa Mfaransa Jacques Derrida alikuwa akifundisha hapo hapo tangu miaka ya 1980. Hawakupotea njia. Walifuata watu waliotaka kufanya nao kazi, na wanafunzi waliotaka kusimamiwa nao wakawafuata.

Kwa anayesoma chimbuko la binadamu, mfano uko karibu zaidi. Richard Leakey alikuwa profesa Stony Brook, na mwaka 2005 alianzisha pamoja na chuo hicho Taasisi ya Bonde la Turkana, yenye vituo Ileret na Turkwel. Sonia Harmand, naye wa Stony Brook, aliongoza timu iliyogundua kule Lomekwi, mwaka 2011, zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kwa takriban miaka 700,000 kuliko zote zilizokuwa zikijulikana. Mkenya anayetaka kuandika tasnifu juu ya ardhi ya kwao Turkana anaweza kukuta kwamba njia inapitia stesheni ndogo ya treni ya Stony Brook. Akienda kwenye jina kubwa lisilo na mtu wa Turkana, atakuwa na fulana nzuri.

Sasa fedha, ambazo kwenye vikao vya familia huja mwisho. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo, Tabata, barua mbili zikiwa mezani kando ya sahani ya korosho. Ya kwanza ilitoka kwenye jina kubwa: karibu usome uzamili, mwaka mmoja na nusu, ada hii hapa, ufadhili hatuna. Ya pili ilitoka chuo cha umma cha kiungani: karibu usome uzamivu, miaka mitano, ada tumekusamehe, bima ya afya tutalipa, posho utapata kila mwezi, nawe utafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza saa zisizozidi 20 kwa wiki. Mzee mmoja aliisoma ya kwanza kwa sauti, mara mbili. Ya pili aliikunja. Binti mwenyewe hakuulizwa kitu.

Mzee yule hakujua kwamba kwa vyuo vingi vya Marekani barua zile ni biashara mbili tofauti. Mwanafunzi wa uzamivu, hasa wa sayansi, ni mtu ambaye chuo kinamlipia kwa sababu kinamhitaji: anafundisha, anafanya majaribio, jina lake linaonekana kwenye makala. Mwanafunzi wa uzamili wa kozi fupi, mara nyingi, ni mteja. Kwenye vyuo binafsi vyenye majina, ada yake inavuka dola 60,000 kwa mwaka bila aibu, na fedha hizo zinasaidia kuwalipia wale wa uzamivu. Kuingia huko mara nyingi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana barua zake huja upesi na zina maneno matamu.

Nitatoa haki kwa upande wa pili, kwa sababu una hoja moja nzito. Utafiti uliochapishwa na Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 80 ya wahadhiri wa Marekani waliosomea nchini humo walitoka kwenye kama moja ya tano tu ya vyuo, na kwamba mmoja kati ya kila wanane alitoka kwenye vyuo vitano tu. Anayetaka kuwa profesa Marekani, basi, jina linamhusu, tena sana. Lakini vitano vyenyewe ni Berkeley, Harvard, Michigan, Wisconsin-Madison na Stanford. Vitatu ni vya umma. Na wengi wa vijana wetu wanarudi, au wanasema watarudi. Shahada ikifika Dar es Salaam, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inaangalia kama chuo kinatambulika kisheria. Kama mjomba anakijua au hakijui, hilo halimo kwenye fomu.

Wala sisemi kwamba kiungani ni peponi. Hakuna daladala. Basi linapita kwa saa yake, Jumapili linaweza lisipite, na kwenda kununua mchele bila gari ni safari kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, kwenye theluji. Upweke upo, na mtu wa Kariakoo huuona wiki ya kwanza. Kodi ya nyumba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu viunga hivi vimejaa matajiri: tarehe 14 Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wanafunzi wa uzamivu, waligoma katika kampasi zote, Irvine ikiwemo, na kilio kikubwa kilikuwa kwamba posho inaishia kwa mwenye nyumba. Hivyo ndivyo vitu vya kuuliza. Posho ni kiasi gani, inalipwa miezi tisa au kumi na mbili, chumba cha chuo kipo? Na wanafunzi wa sasa wa msimamizi mtarajiwa waandikiwe, kila mmoja peke yake, waulizwe ni wangapi wamemaliza na wangapi wameondoka. Wanajibu. Watu wenye uchungu hujibu haraka zaidi.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi ndio tulipaswa kuelewa wa kwanza kwamba chuo kizuri kinaweza kuwa nje ya mji. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 mjini, Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, na mwaka 1964 kikahamishiwa kilimani, mbali na mji. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha huko huko. Leo watu wanapanga foleni ya magari kwenda Mlimani City, kwenye ardhi ya chuo, wakisema hapo ni mjini. Chuo cha Kenyatta cha Nairobi nacho kilianzia kwenye kambi ya jeshi la Waingereza kule Kahawa. Hakuna anayeviita vyuo vya kata.

Kuhusu barua mbili za Tabata, kuna utaratibu mmoja unaomaliza ubishi upesi kuliko makala hii. Kabla ya viza ya mwanafunzi, chuo lazima kitoe fomu ya I-20, na hakiitoi mpaka kione ushahidi kwamba gharama zote za mwaka wa kwanza zipo. Kwa barua ya pili, ushahidi ni barua yenyewe. Kwa barua ya kwanza, inatakiwa taarifa ya benki ya mdhamini, yenye salio, iliyogongwa muhuri. Mzee aliyeisoma mara mbili alete ya kwake.