Kuuguza Nako Kuna Somo Wake



Bibi harusi wetu hakosi somo. Hufundishwa kujifukiza udi, kukaa na mume, hata namna ya kumuamkia mkwe. Na somo hulipwa, tena kwa heshima. Lakini mkwe huyo huyo akipata kiharusi, mke wa mtoto huambiwa tu: "Wewe si uko nyumbani? Muangalie." Ndugu walioko Muscat na London hukubaliana kumtumia fedha kila mwezi, wakaona yamekwisha.

Hayajesha. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. La sivyo ngozi ya makalio na visigino huchubuka, na kidonda cha kulalia kikishachimba huweza kuchukua miezi kupona. Anayemeza kwa shida halishwi uji amelala. Huketishwa, hupewa kijiko kidogo kidogo, na akimaliza hubaki amekaa kama nusu saa, maana uji ukiingia mapafuni huleta nimonia. Kumnyanyua kwa kuvuta mkono uliopooza nako huweza kumtegua bega. Mapenzi peke yake hayamfundishi mtu haya.

Rai yangu ni hii: mafunzo kabla ya malipo ya mwezi wa kwanza. Siku mgonjwa anaporuhusiwa hospitali, anayekwenda kumuuguza awepo, si kaka mwenye gari tu. Amuombe muuguzi amuoneshe, kisha amgeuze mgonjwa yeye mwenyewe huku muuguzi anamtazama. Siku za kujifunza zilipwe pia.

Najua nitaambiwa nageuza ibada kuwa ajira. Kwanza, kumtumikia mkwe ni hisani ya mke, na hisani haikatazi kulipwa. Pili, Surat Al-Israa, aya ya 23, inatukataza hata kuwaguna wazazi. Itakuwaje basi kumuacha mama alalie kidonda kwa sababu tuliona haya kuuliza? Kumsitiri anapoogeshwa, kumsaidia kutayamamu pale maji yanapomdhuru, nayo pia husomwa.

Nawe unayetuma fedha kutoka ng'ambo, ukipiga simu usiulize tu kama mama amekula. Uliza amegeuzwa mara ngapi tangu jana, nani alimfundisha anayemgeuza, na kama huyo naye amepata kulala.