Mzazi anaposali huku moyo haupo

Ni saa nne usiku. Vyombo vimeoshwa, sare za shule zimepigwa pasi, na mtoto wa miezi mitano ndiyo kwanza ameachia ziwa na kusinzia. Mama anakaa ukingoni mwa kitanda, anafanya ishara ya msalaba na kuanza Baba Yetu. Kabla hajafika katikati, akili imeshahamia kwenye ada ya muhula ujao. Akizinduka, hakumbuki kama alimaliza au la.

Miaka michache iliyopita mama huyu alikuwa anaimba kwaya, akiingia mkesha usiku na kutoka alfajiri bila kuona uchovu. Sasa anakwenda kanisani kwa sababu mtoto mkubwa yuko kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Jumuiya ameikosa wiki kadhaa. Kuna swali linalomsumbua ambalo hathubutu kumwuliza mwenyekiti wa jumuiya: je, imani yake imekwisha?

Swali hilo wazazi wengi wanalo, wa madhehebu yote. Walokole huliita kupoa kiroho. Wengine hawana jina la kuliita. Wanajua tu kwamba kile kilichokuwa kitamu kimekuwa wajibu, na wanajiona wanafiki wanapowasalisha watoto.

Jambo lenyewe ni la zamani sana. Katika karne ya 4, wakaapweke waliokwenda kuishi jangwani Misri kwa ajili ya sala walilifahamu vizuri. Mmoja wao, Evagrius wa Ponto, aliandika kuhusu mtawa anayechoka mchana, akitazama jua kila mara kuona kama saa ya kula imefika. Kisha mawazo yanamjia kwamba wenzake hawampendi na kwamba mahali pengine angemtumikia Mungu vizuri zaidi. Ushauri wake ulikuwa mfupi: usiondoke kwenye chumba chako. Anayetaka kuhama kanisa kila anapochoka atajiona humo.

Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Wajesuti, naye alikuwa na kanuni inayofanana na hiyo katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichochapishwa mwaka 1548: wakati wa ukavu wa moyo, mtu asibadilishe uamuzi aliofanya akiwa na utulivu. Kwa mzazi, maana yake ni kwamba miezi ya kukesha na kichanga si wakati wa kuamua kama Mungu yupo.

Halafu kuna Mama Teresa wa Calcutta. Mwaka 1946, akiwa safarini kwa treni kwenda Darjeeling, alipata wito wa kuwahudumia maskini kabisa. Shirika lake lilipata kibali mwaka 1950, na mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Dunia ilimwona mama mwenye tabasamu. Barua zake kwa waungamishi wake, ambazo yeye mwenyewe alitaka ziharibiwe, zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 alisali bila kuhisi uwepo wa Mungu. Alipata nafuu ya wiki chache tu mwaka 1958. Kila asubuhi alikwenda Misa, kisha akaenda kwa wagonjwa. Kama hisia zingekuwa ndiyo imani, mwanamke huyo asingekuwa nayo.

Lakini si kila ukavu ni wa kiroho, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 19, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hakumhubiria. Eliya alilala, akaamshwa, akakuta mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Ndipo akaweza kutembea siku 40 hadi Horebu, na ni huko alikoulizwa anafanya nini. Chakula na usingizi vilitangulia maswali.

Kichanga huamka kila baada ya saa mbili au tatu. Mtu anayelala kwa vipande hivyo hupoteza umakini, uvumilivu na hata furaha, iwe ni kwenye sala au kwenye mazungumzo ya kawaida. Upungufu wa damu baada ya kujifungua nao huleta uchovu mkubwa. Kumshauri mama wa namna hiyo afunge siku tatu ni kumwongezea mzigo, hata kama anayeshauri ana nia njema.

Pia kuna sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea ni karibu 20. Akina baba nao huipata, ingawa wengi huificha nyuma ya ukali au pombe.

Mzazi anaweza kuanza kwa kujiuliza kama ni kanisa tu lililokosa ladha. Kama bado anacheka na watoto na kufurahia kutembelewa na dada yake, huenda huo ni ukavu ambao hata watakatifu waliupitia. Ila kama kwa wiki mbili au zaidi hakuna kinachompa raha, hapati usingizi hata mtoto akilala, au anajiona hafai, aende kituo cha afya. Akipata mawazo ya kufa au ya kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake na apelekwe siku hiyohiyo. Kwenda hospitali si kumkana Mungu.

Kwa anayepita kwenye ukavu, sala fupi inayofanyika kila siku inatosha. Sala ya chakula inaweza kuachiwa watoto. Anayekosa maneno anaweza kusoma Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila faraja yoyote, na bado imo kwenye Biblia.

Yule mama wa saa nne usiku hatimaye alimwambia mumewe, "Baba watoto, mimi sala hazipandi siku hizi. Leo salisha wewe." Mume alinyamaza kidogo, kisha akasema atasalisha, na kwamba mtoto akilia alfajiri atambeba yeye. Jumatatu ni siku ya kliniki. Mtoto akishapimwa uzito, mama atabaki amwambie nesi kwamba tangu ajifungue hajisikii kama zamani.