Sensa haishiki spana

Wadau, nimechoka na wenzangu wa kompyuta wanaosema kila kijiji cha Kwale kinahitaji intaneti ya kasi na vifaa vyenye akili. Njooni Msambweni kwanza. Pampu za mkono aina ya Afridev zipo huku tangu miaka ya 1980. Watafiti wa Oxford walichofanya ni kufunga kifaa kidogo ndani ya mkono wa pampu. Kinahesabu unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma SMS. Basi! Hakuna Wi-Fi.

Kwenye jaribio la Kyuso, Kitui, mwaka 2013, muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Mnadhani ni SMS iliyoshika spana? Kulikuwa na mafundi tayari, na vipuri. FundiFix ilipoanza Kwale, ilisimama juu ya hilo hilo: kijiji kinachanga kila mwezi, fundi anakuja.

Kwa hiyo ukiniletea mradi wa sensa elfu moja, nitauliza kitu kimoja: fundi analipwa na nani? Kama huna jibu, mama bado anarudi kwenye kisima cha wazi, ila sasa wewe una grafu yake. Nibisheni.